Jina Lile Lile

Fundi wa faiba kaingia Tabata Kimanga saa nne asubuhi,
ngazi begani, na waya mwembamba kama uzi wa kushonea,
akaupitisha kwenye tundu lile lile
alilotoboa baba, enzi za simu ya mezani.

Enzi hizo modemu ililia kama kuku aliyekutana na kisu butu,
sisi kimya, tunaisubiri ikate roho,
mara mama jikoni ananyanyua simu, "Haloo?"
na kila kitu kinakufa.

Ikaja ile ya kuchomeka, ndogo kama kiberiti,
tukaifunga kwa utepe wa kanga kwenye nondo za dirisha
iutazame mnara wa Segerea.
Vocha tunakwangua kwa shilingi mia. Bando linaisha
picha ikiwa bado inazunguka.

Halafu Elisaria akaleta ruta kutoka Kariakoo,
pembe mbili, taa nne za kijani.
Mama akaifunika kitambaa cha kufuma, isile vumbi,
ikapata homa. Kaka akacheka hadi akakaa chini.
Akaipa jina: MamaElisaria.
Nenosiri: ugalihaujaiva.
Mwezi wa tano akaenda machimboni, Msumbiji.
Ujumbe wangu wa mwisho una tiki moja.
Una miaka sita.

Fundi anauliza, "Mtandao tuuite nani?
Na hili nenosiri bovu, mtaa mzima wanalijua."
Mama hajui megabaiti, hajui masafa;
yuko kwenye kigoda, anachambua mchele,
hanyanyui uso:
"Usiguse hata herufi.
Simu ya mwanangu inalikumbuka.
Akipita hapo getini usiku, akaona haya kubisha,
itaingia yenyewe."

Fundi kanitazama. Nami nikatazama mchele.
Akaandika kama alivyoambiwa.

Kisanduku cheupe sasa, hakina pembe, hakina sauti,
kinapumua tu juu ya kabati la vyombo.
Luku ikikaribia kuisha mama hununua umeme kabla ya mkaa.
Na kila usiku, kabla ya kutia komeo:
"Wangapi wameingia leo?"
Nasoma kwenye simu. Saba.
Yangu. Televisheni. Ya mpangaji wa uani.
Za watoto wa Bi Msimu, waliokaa ukutani kwetu tangu magharibi, tatu.
Na moja haina jina, herufi na tarakimu tupu.

"Hiyo," anasema mama. "Hiyo ya nani?"