Kati ya Nane, Tatu Nukta Mbili

Programu mpya ya kupima masikio
imefika Cēsis ndani ya bahasha ya kahawia,
kijiti cha plastiki kisichozidi ukucha,
na karatasi yenye swali:
Mfumo wa kompyuta yako ni wa biti ngapi?

Swali gani hilo la Jumatatu asubuhi?
Mimi ni Velga. Nijuacho ni ngoma ya sikio
na vijifupa vitatu nyuma yake.
Najua herufi "s" ndiyo hutangulia kumtoroka mtu,
ikafuatwa na "f", hata akabaki na irabu tupu,
nyumba zilizong'olewa milango.
Kompyuta hii naiwasha, naizima.
Miaka tisa, sijaiuliza habari zake.

Kitini yupo mzee Visvaldis, fundi wa vinanda vya kanisa,
kofia ya sufu mapajani,
theluji inamtiririka viatuni, inachora ramani sakafuni.
Kifaa chake kipya kimo kisandukuni, bubu,
mpaka programu ikifungulie sauti.
Ananitazama midomo.

Nampigia Raitis, mtoto wa dada yangu.
"Mama mdogo, ukiweka bila kuangalia
utauziwa mbuzi kwenye gunia.
Fungua Mipangilio. Mfumo. Sasa shuka.
Shuka tena, mpaka chini kabisa,
palipoandikwa Kuhusu."

Nikasoma kwa sauti kubwa,
maana chumba hiki hakijui sauti nyingine:
Mfumo, biti thelathini na mbili.
Kichakataji, biti sitini na nne.

"Mbona imejibu mara mbili?"

"Imejibu kweli mara mbili," akasema.
"Kichwa kilizaliwa cha sitini na nne.
Aliyekivisha mfumo
alikivisha ule mdogo.
Nani aliiweka?"

Aliiweka Arvīds.
Kwa diski ya kompyuta iliyotangulia,
kwa kuwa diski ilikuwepo,
na kilichokuwepo hakikununuliwa tena.
Misumari iliyopinda aliinyoosha kwa nyundo
jikoni, usiku, mimi nimelala.
Debe lake lipo bado, limejaa misumari
iliyonyooka karibu.

"Na kumbukumbu?" Raitis anauliza.

Gigabaiti nane.
Halafu, ndani ya mabano, kwa sauti ya mtu anayekiri:
zinazotumika, tatu nukta mbili.

Nikanyamaza.
Zaidi ya nne na nusu zimekaa humo, zinakula umeme,
hakuna aliyebisha hodi.

"Nini tatu nukta mbili?" Visvaldis akauliza.
Sijui alisikiaje hilo, asiyesikia kengele ya mlango.
Nikamwandikia.
Akasoma, akavuta pua.
"Niliwahi kukuta kinanda," akasema,
"mabomba safu nzima nyuma, hayajawahi kupulizwa.
Fundi alikosa ngozi ya kutosha kwa mivukuto.
Waumini walikisifu miaka sitini."
"Ukafanyaje?"
Hakunisikia. Au alisikia.
Alikuwa anafunga vifungo vya koti.

Raitis bado yumo sikioni mwangu:
huu haupandishwi, mama mdogo,
kutoka mdogo kwenda mkubwa hakuna ngazi.
Ni kufuta yote, kuanza upya. Jumamosi nitakuja.
Nakili kila unachokitaka.

Kila ninachokitaka.
Faili za wagonjwa, mia nne na kumi na moja.
Ile picha ya ukutani ya ng'ombe wa jirani,
aliyoiweka yeye kwa mzaha
na mimi nikaapa kuiondoa kesho yake.
Folda iitwayo "Mengineyo",
ambayo sijaifungua.

Nimempeleka mzee mpaka mlangoni
na kifaa chake cha zamani kinachopiga mluzi.
Nimempa siku ya Jumanne ijayo, kwa vidole.

Kisha nikarudi kwenye ile karatasi.
Ilikuwa na kalamu yake, ya wino, imefungwa kwa uzi.
Nikaiacha.
Nikaandika 32,
kwa penseli.