Njiti

Baba aliniachia meza sokoni Tabora,
mapipa matatu na kanuni moja:
chovya njiti kwenye asali, kisha ikwaruze.
Ikiwaka, nunua. Ikigoma, mfukuze mtu.

Miaka kumi na tisa nimekwaruza njiti.
Hakuna aliyeniuliza, nami sikujiuliza.
Moto ukishasema, nani ana ulimi wa kubisha?

Ndipo Kashindye, kitinda mimba wangu, darasa la tano,
akauliza huku akilamba kidole:
"Mama, na sukari je? Uliwahi kuijaribu?"
Nikamwambia asinisumbue, kuna wateja.
Swali likabaki mezani kama nzi.

Usiku nilichemsha sukari na ndimu
hadi ikawa nzito, ikavaa rangi ya mninga.
Nikachovya. Nikakwaruza.
Ikawaka.
Nikachukua nyingine, labda ile sikuichovya vizuri.
Ikawaka.
Ya tatu ikagoma, ya nne ikawaka,
na jiko langu likanuka baruti na peremende.

Nikakaa sakafuni, nikaanza kuhesabu watu.

Msimbila wa Ipole, kwa mfano.
Alikuja mvua zimeanza, baiskeli imebeba madumu mawili,
asali ya mtundu, nyepesi kidogo, nta bado inaelea.
Njiti ikagoma. Nikasema soko zima lisikie:
"Maji haya kawauzie samaki."
Watu wakacheka. Mimi pia.
Hakujibu. Alifunga madumu yake kwa mpira,
fundo, na fundo jingine, taratibu,
kama mtu anayemvisha mtoto viatu.

Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Zangu alizisuka baba;
sikuwahi kuzifumua nione kichwa kikoje.

Kesho yake sikuzitoa njiti.
"Leo hupimi?" wakashangaa.
Napima, nikasema, ila sijui bado kwa kipi.
Nikauliza mti gani, mwezi gani walirina,
nani mwingine ameonja.
Nilichelewa kufunga. Siku ile nilipata hasara.

Jumapili nikapanda basi la Sikonge hadi Ipole.
Mkewe akasema yuko porini, mizingani,
hajui atarudi lini.
Akanipa asali kwenye kikombe cha bati.
Nikaonja. Tamu.
Lakini hata ile ya sufuria yangu ilikuwa tamu.

Nikaketi kumsubiri,
kiberiti mfukoni
kikichakarika kila ninapojigeuza.