Boliti ya Kwanza Kuvunjika

Walitutuma watatu kutoka barabara ya Kipushi:
mimi, kwa kuwa ndiye ninayeendesha trakta;
Kalaba, kwa kuwa anakijua Kifaransa cha mikataba;
na Mama Ngoie, kwa kuwa makuta yalikuwa kwake,
dola elfu mbili na mia nane za ushirika
ndani ya kitenge, chini ya kitenge kingine.

Trakta tulikwenda nayo. Mashine ni kama kiatu,
huinunui ukiwa umeuacha mguu nyumbani.
Lubumbashi ya mwezi wa saba, asubuhi ya makoti,
vumbi jekundu limeganda juu ya vioo,
na nyuma ya soko, uani, mashine tatu za kusaga matawi
zimekaa vinywa wazi, kama zinazosubiri kulishwa.

Ya kwanza nyekundu, mpya, inang'aa.
Muuzaji akaipiga ubavuni kama mtu asifiaye ng'ombe:
inameza gogo nene kama paja!
Nikauliza inataka farasi wangapi.
Themanini.
Trakta yetu ina farasi thelathini na tano,
na kadhaa kati yao ni wazee.

Ngoie hakuuliza habari za farasi.
Akasema: Siku ikishindwa,
ni nini kitakachovunjika kwanza?
Muuzaji akacheka hadi meno ya nyuma.
Mama, hii haivunjikaka.
Ngoie akakaza fundo la kitenge.
Twende.

Ya pili ilichomelewa Katuba,
visu vyake vimekatwa kwenye springi za lori,
kazi ya mikono, na bei yake ya kindugu.
Lakini kardani ilikuwa uchi.
Chuma kile kinazunguka mara mia tano na arobaini kwa dakika
na hakina hata shati.
Nikalikumbuka koti la Chisenga, mkono wa kushoto,
pale kinuni, mwaka wa mvua nyingi.
Sikusema kitu. Kalaba alinitazama,
naye pia hakusema kitu.

Ya tatu ilikuwa ya kijani, au iliwahi kuwa.
Rangi imebanduka, kisu kimoja kina pengo,
juu ya mdomo kuna fimbo ya chuma:
ukiisukuma, hata kwa kiuno, hata kwa woga,
meno ya kuvuta yanasimama.
Ngoie akarudia swali lake.

Fundi Ndala hakucheka. Alipiga magoti kwenye oili,
akafuta mahali kwa kidole gumba,
akaonyesha boliti ndogo, kama kidole cha mtoto.
Hii hapa.
Mti ukikwama, hii inakatika
ili vingine vyote visikatike.
Bei yake franga elfu mbili.

Ngoie akainama, akaitazama kwa muda mrefu,
mwanamke aliyelea watoto sita na wa dada yake wawili.
Ninaijua hii, akasema.

Tukaijaribu. Tawi la mkaratusi likaingia kichwa mbele,
likapiga kelele moja, likatoka chenga nyeupe,
na uwanja mzima ukanuka dawa ya kikohozi.

Baba yangu alikuwa mchoma makala.
Aliifukia miti kwa udongo, akaitia moto,
akalala kando ya moshi wiki mbili, akiulinda kama mgonjwa.
Shina lilikuja mjini ndani ya magunia.
Matawi tuliyachoma bure, tuone moto.
Shamba lile leo ni upara; mvua inalipita bila kubisha.
Nilichota chenga mkononi. Zilikuwa baridi, zina maji.
Hizi tutalifunika nazo, nikawaza,
kidogo kidogo, kama unavyomfunika mtu aliyelala.

Elfu tatu na mia mbili, alisema muuzaji.
Nusu ya mchana ikaisha.
Elfu mbili na mia sita, kisu kipya kimoja,
kifuniko cha kardani, na boliti kumi.
Kumi na mbili, alisema Ngoie,
na alizihesabu mara mbili.

Tulirudi jua likiwa usoni,
mashine imefungwa nyuma, inayumba.
Boliti alizifunga palepale zilipokuwa pesa.
Pesa zilikwenda mjini kimya.
Boliti, kila shimo la barabara,
ziligongana kwenye kitenge chake, tukazisikia.