Nafasi ya Jina Moja

Fomu ina mstari mmoja tu. Mtunzi: halafu nukta, nukta,
hadi ukingoni mwa karatasi.
Karani amefungua kalamu, anatutazama sisi watatu
na nywele zetu, na fulana nyeusi zenye mafuvu,
kana kwamba tumeingiza mbuzi posta.

"Uimbeni," anasema, "niusikie huo mnaougombania."
Numbi anauimba kwa mdomo, hana gitaa:
dugu-dugu ga, dugu-dugu ga-ga,
kichwa kinashuka na kupanda, mate yanarukia meza.
Karani anapangusa meza.
"Na wimbo wenyewe unaanza lini?"

Ngosa hacheki.
Mwezi wa pili alitukuta mazoezini, Katuba, uani kwao,
na besi ya nyuzi tatu
(wa nne ulikatika, na bei yake ni bukari ya wiki nzima).
Akasema, sikieni kitu hiki. Tukasikia.
Kilikuwa kizito, mlango wa tanuru ukiburutwa.
Numbi akakidaka, akakihamishia kwenye gitaa, akakivisha moshi,
na diski ilipotoka jalada likasema:
Muziki na maneno: Numbi Kisimba.
Ngosa yuko chini kabisa, kwa herufi za sisimizi,
pamoja na aliyetuletea soda na mwenye jenereta.

Baba yangu alimimina shaba miaka ishirini na sita.
Kila bamba lilipopoa liligongwa muhuri wa kampuni, na namba.
Nilikuwa mtoto, nikamuuliza: lako lipi?
Akanyoosha kidole kwenye treni iendayo kusini.
"Yale."
Na alikuwa mtu wa maneno mengi.

Numbi anasema: "Kokoto si nyumba. Mjenzi ni mimi."
Ngosa anasema: "Mwizi wa baiskeli naye hupaka rangi."

Kisha anatoa simu, kioo chake nyufa tupu.
Tarehe ipo. Saa moja na dakika kumi, usiku.
Umeme umekatika, mbwa anabweka,
mama yake anafoka jikoni: maharage yanaungua!
Halafu zinakuja zile nota. Saba. Zilezile.
Numbi anatazama viatu vyake.

Lakini mimi ni mpiga ngoma, nota huzisikia mwisho.
Chini ya besi, kabla ya besi, upande wa pili wa ukuta,
kuna michi miwili katika kinu kimoja:
Mama Kapya na binti yake wanatwanga sombe.
Mmoja anapiga mbili, mwenzake anachelewa, anapiga tatu,
kinu kinameza pumzi, wanarudia.
Dugu-dugu ga.
Dugu-dugu ga-ga.
Na ule mdundo wa miguu miwili ninaosifiwa hadi Likasi,
mimi niliuokota wapi?
Sikuwahi kujiuliza. Niliketi na mgongo kwenye ukuta ule.

"Shahidi," anasema karani. "Nani?"
Kalamu imegusa nukta ya kwanza.
Ningesema yote. Angeuliza: huyo Kapya ana kitambulisho?
Anapiga chombo gani? Kinu?
Angenitazama tena kama mbuzi.
Nikasema: Ngosa Mwewa.
Ni kweli. Ila niliisema haraka haraka,
kama anayefunga mlango wa chumba ambacho hakijafagiwa.

Numbi alitoka bila kuaga.
Gitaa lake bado liko kwangu, sijui nilipeleke lini.

Jioni nikapita Katuba. Mama Kapya ameketi nyuma ya mafungu yake,
mikono ya kijani hadi vifundoni.
Nikachukua fungu moja, nikampa noti kubwa, nikaanza kuondoka.
"We kijana!"
Akanihesabia chenji, noti moja moja, akilamba kidole,
hadi franka mia ya mwisho.
Ile mia ilikuwa imechanika pembeni.
Akaitazama, akairudisha kwenye kitenge,
akanitafutia nyingine.