Simu ya Dulmaa

Ulaanbaatar, ghorofa ya sita. Dirisha limeota barafu kwa ndani.
Tumebishana tangu asubuhi.
Ganzorig anataka lugha moja itakayoendesha simu zote:
andika mara moja, asema, ukalale.
Mimi natetea ile yangu kali,
inayouliza kila kitu jina na aina yake
kama karani wa forodha.
Chai imepoa. Ubao umejaa mishale.

Ipi ina kasi? Ipi ina vijana wa kuajiri?
Ipi haitatuacha mayatima mwakani?
Hakuna aliyeuliza: kwa simu ya nani?

Jumamosi nikashika njia, saa tisa bila lami,
hadi kwa Dulmaa, mwenye mbuzi mia mbili
na simu moja, kioo kimepasuka,
imefungwa utepe wa bluu.
Huiweka kifuani, chini ya koti la ngozi,
pale alipowabeba wanawe,
maana nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri
huinyonya betri kama ndama mwenye njaa.

Nikaanza na programu ya Ganzorig.
Kiduara kikazunguka.
Kikazunguka.
Dulmaa akavua glavu, akavaa, akavua.
Mbuzi wakapita, wote.
"Inafikiri," nikasema.
"Inafikiri nini? Nimeiuliza theluji tu."

Yangu ilifunguka kabla hajamaliza kupiga chafya.
Nikavimba kichwa.
Ikaomba ramani, ikaomba sauti, ikaomba kujua alipo,
akairuhusu yote kama mgeni aliyekaribishwa,
na simu ikazima.
Akanitazama. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Usiku, ndani ya hema la sufu, mgongo jikoni,
nikafuta.
Nikafuta ramani. Nikafuta farasi anayekimbia mlangoni,
niliyemchora kwa wiki mbili.
Nikafuta vipande vya msimbo
vya watu nisiowajua, nilivyovibeba kwa uvivu.
Lugha ilikuwa ileile,
ila sasa ilisema machache.

Asubuhi akabonyeza kwa ukucha wa kidole gumba:
*Theluji. Kesho alasiri. Hamisha.*
Akairudisha kifuani.
Nilipotaka kumuuliza kama ameipenda,
alikuwa amekwisha kufika bondeni, anawapigia mbuzi mluzi.

Jumatatu, Ganzorig: "Haya, lugha ipi imeshinda?"
Nikampa simu kuukuu niliyoinunua sokoni, kioo na nyufa zake,
nikamwambia avae glavu,
nikamfungulia dirisha.