Zamu ya Upepo

Tulitoka Kuldiga alfajiri, watu watano.
Gundega mbele na ramani iliyomwagikiwa kahawa,
Skaidrite akihesabu viota vya korongo juu ya nguzo za umeme;
alifika kumi na tisa, akachoka.
Arvids akitudanganya tangu kilomita ya kwanza:
bado kidogo.

Mimi na Talis hatujasemezana miaka sita.
Ni habari ya shamba la mama yake, na sahihi yangu.
Wenzetu walimweka karibu na Gundega, mimi mkiani,
kwa adabu tu.

Baada ya Aizpute lami ikaisha, tukaingia changarawe,
na upepo wa bahari ukatukuta uso kwa uso.
Shayiri ilikuwa imelala kifudifudi.
Mpangilio ukavunjika, kila mtu akatafuta mgongo wa kujibanza.
Nilioupata mimi ulikuwa wake.

Kilomita kumi na nne,
gurudumu langu shibiri moja na lake,
macho kwenye kiraka cha fulana yake,
uzi wa kijani juu ya kitambaa cha buluu.
Mshono huo naujua. Ni mkono wa mama yake.

Kisha akatikisa kiwiko:
pita, zamu yako.

Nikapita. Upepo ukanipiga kifua chote.
Sikugeuka, ila nilimsikia,
mnyororo wake mkavu ukilia kwi, kwi,
karibu.

Jioni, ghalani kwa watu, mkate mweusi.
Talis akakata kitunguu,
nusu akaiweka juu ya goti langu,
akaenda kuziba pancha.