Maelezo kwa Mgeni wa Chumba Namba Nne

Ufunguo una meno mawili, moja limelegea.
Usiulazimishe. Inua mlango kidogo kwa goti,
kama unayemsaidia mgonjwa kukaa,
utafunguka.

Maji hutoka alfajiri mpaka saa mbili.
Jaza ndoo ya kijani. Ya bluu ina ufa.

Jana uliniuliza, begi bado mgongoni,
"Hapa kuna nini cha kuona?"
Nilicheka, dada, si kwa dharau.
Mji huu wanasema waja leo, warudi leo,
na wewe umelipia siku tisa.

Basi soma.
Ngamiani barabara zina namba.
Sisi tuko ya Kumi na Mbili.
Ukipotea usiulize nyumba ya wageni,
uliza kwa Mwanakheri mpika bada:
kila pua inapajua.

Baiskeli iko chini ya ngazi, Swala nyeusi.
Breki ya nyuma ilishakufa, ya mbele ina hasira.
Kengele ni nzima. Ipige kila kona;
hapa kengele ni salamu, hakuna anayenuna.

Tongoni ni mbali kwa baiskeli hiyo.
Panda pikipiki. Patana kabla hujakaa,
na salimia kabla hujapatana,
vinginevyo bei inapanda nawe juu ya kiti.
Makaburi ya kule yana nguzo,
na nguzo zina vishimo vya duara
vilivyokuwa vimeshika sahani za kaure.
Usitie kidole.
Kila mgeni hutia kidole.

Raskazone ogelea maji yakijaa.
Yakitoka, utatembea na matope
mpaka uone aibu kurudi.

Sasa, Amboni.
Mapangoni muulize Shemhilu, si kaka yake.
Kaka mtu atakwambia mbwa aliingia humo
akatokezea Mombasa.
Shemhilu naye atakwambia hivyohivyo,
ila ukimtazama machoni
atapunguza maili.
Vaa viatu vyenye meno. Popo hawana neno nawe.
Mkifika ndani kabisa atazima tochi.
Usipige kelele. Hesabu kumi.

Wageni wangu wote hurudi na giza lile,
kila mmoja na lake.
Mzee mmoja wa Uswidi alisema linanuka chumvi.
Mwalimu wa Singida alikaa hapo mapokezi,
soda inapoa, inapata moto tena,
akasema amemsikia mama yake akipepeta mchele.

Mimi sijui.
Mwaka wa kumi na moja huu nawaelekeza watu:
barabara ya Mombasa, kata kushoto Kiomoni,
angalia mbuzi, angalia mawe.
Kiingilio nakijua, cha mwenyeji na cha mgeni.
Njia nzima naijua kwa mdomo.
Mguu wangu haujafika.
Jumatano ndiyo siku yangu, na Jumatano nafua.

Kibwana aliponunua ile Swala
aliifunga keria kwa waya, mara mbili,
akasema hii ni ya kukubebea Amboni.
Mvua zikaanza. Halafu homa yake.
Keria haijakaliwa na mtu,
nimekuwa nikiifuta vumbi tu.

Kesho Jumatano.
Nguo zinaweza kungoja, hazina miguu.
Mimi si mzito, na kwenye mteremko nitashuka nitembee,
breki ile nimeshakueleza.

Gonga mlango wa jikoni saa kumi na mbili,
polepole, mama mwenye nyumba amelala.

Chai iko kwenye chupa.
Ukimimina, rudisha kifuniko.

— Mwanamvua, mapokezi